Mawe ya Kilmory: namna ya kusoma kaburi lisilo na jina

Mjomba alipoingia tu alianza kutafuta majina. Alipita jiwe baada ya jiwe, mikono nyuma, miwani imeshuka puani, kama mwalimu anayekagua madaftari. Alipofika mwisho wa ukuta akageuka. "Mjomba," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana vivyo hivyo, "hawa watu hawakuwa na majina?"

Tulikuwa Kilmory Knap, pwani ya magharibi ya Uskoti, ndani ya kanisa dogo la karne ya 13 lenye paa la kioo. Mawe ya kuchongwa zaidi ya 30 yamesimamishwa kuzunguka kuta zake, mengi yakiwa mabamba ya makaburi. Kuna mapanga marefu, majani yaliyojiviringisha, wanyama wanaokimbizana, wanaume waliovaa kofia za chuma. Majina ni ya kutafuta kwa tochi. Mgeni aliyezoea makaburi ya siku hizi, jina juu, tarehe mbili chini yake, na labda aya ya maandiko, hupotea humo mara moja. Nami nilipotea mara ya kwanza nilipokwenda peke yangu, nikatoka na picha nyingi na maelezo ya uongo niliyoyasoma kwenye mtandao. Hii makala ni jibu la swali la mjomba, ambalo pale pale nililijibu vibaya.

Kwanza njia, kwa sababu njia nayo ni sehemu ya maelezo. Ukitoka Glasgow unapanda kando ya Loch Lomond, unavuka milima, unapita Inveraray, na baada ya saa mbili na nusu hivi uko Lochgilphead, mji mdogo ambako ni busara kujaza mafuta na kununua mkate. Baada ya hapo barabara inakuwa ya gari moja, yenye vituo vya kupishana, na kondoo ndio wenye mamlaka. Unapita msitu wa Knapdale, eneo ambalo Kilmory nayo imo, ambako mwaka 2009 walirudishwa wanyama wa mtoni waitwao biva, wale wanaokata miti kwa meno, baada ya kutoweka Uskoti kwa karne kadhaa. Unafuata Loch Sween. Neno loch wengi hulitafsiri "ziwa", lakini hii ni hori: mkono mrefu wa bahari ulioingia bara, maji ya chumvi, yanajaa na kupwa. Mtu wa Tanga au wa Lamu akiitazama anajua mara moja anachokiona. Unapita ngome ya Castle Sween, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 12, moja ya ngome kongwe za mawe Uskoti, sasa ikiwa imezungukwa na nyumba za magurudumu za watu wa likizo. Kilomita chache mbele yake kuna nyumba za kuhesabika kwa vidole, ufukwe, visiwa kwa mbali, na kanisa. Basi haliji, duka hakuna, na kuanzia Juni usubi watakula masikio yako.

Mjomba alisema maneno ambayo tangu siku hiyo sijaacha kuyafikiria: "Hapa mbali kwa gari tu." Alifanya kazi ya jahazi miaka yake ya ujana, akiwa anabeba mikoko na chokaa, na alikuwa anatazama nje, si ndani. Alikuwa sahihi. Tunapaita Kilmory "mafichoni" kwa sababu tunafika kwa kuzunguka milima. Katika karne ya 14 na ya 15 hakuna aliyekuja kwa njia hiyo. Watu walikuja kwa bahari, na kwa bahari mahali hapa palikuwa katikati: kusini ni rasi ya Kintyre na ng'ambo yake Ireland, magharibi ni visiwa vya Islay na Jura, kaskazini ni njia ya kwenda visiwa vya Mull na Iona. Ukitaka kuyaelewa mawe haya, anza kwa kuipa barabara kisogo.

Hilo kanisa lenyewe halina mengi. Kuta nne, mlango, madirisha membamba. Wakatoliki wa Tanzania wangelielewa haraka kama kigango: mahali pa ibada pa watu wa jirani, palipo mbali na kanisa kuu la parokia. Sehemu ya kwanza ya jina, Kil, ni neno la Kigaeli, lugha ya wenyeji wa pwani hii enzi hizo, cill, yaani kanisa au makao ya mtawa, na ndiyo maana ramani ya magharibi ya Uskoti imejaa Kilmory, Kilmartin, Kilberry, Kilchoan. Mageuzi ya Kiprotestanti yalipoingia Uskoti mwaka 1560, vikanisa vya namna hii viliachwa, mapaa yakaanguka, lakini wenyeji hawakuacha kuzika humo. Paa la kioo liliwekwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya mawe. Mvua ya pwani ile na baridi inayogandisha maji ndani ya nyufa vilikuwa vinayala.

Hapa ndipo fundo la kwanza. Mjomba alikuwa anadhani, kama nilivyodhani mimi, kwamba kila jiwe lina mtu wake chini. Mabamba haya hayakutengenezwa kusimama. Yalilazwa juu ya kaburi, mtu akiwa amelala chini na jiwe limemlalia, na ukitazama vizuri utaona mengi yana umbo la kupungua: upande wa kichwa mpana, upande wa miguu mwembamba. Yalikusanywa baadaye kutoka makaburini na sakafuni, yakaegemezwa ukutani ili yahifadhike. Mifupa ilibaki ilikokuwa. Kwa hiyo swali la "nani kalala hapa" limeshakatika kabla hujaliuliza.

Fundo linakazwa zaidi na tabia moja ambayo siwalaumu nayo wahusika. Jiwe zuri la kuchonga ni ghali, na likishakuwapo makaburini kwa miaka 200 bila jina, mjukuu wa watu wengine hulitazama kwa tamaa. Katika karne ya 17 na ya 18 familia nyingi za pwani hii ziliyatumia tena mawe ya zamani, zikachonga herufi mbili tatu na mwaka wao katikati ya nakshi za watu wengine. Utakuta upanga wa karne ya 15 na tarehe ya miaka ya 1700 juu ya jiwe moja. Anayesoma tarehe peke yake anakosea kwa karne mbili au tatu.

Basi mawe ni ya lini, na ya nani? Jibu linaanzia kwenye dola iliyokuwa na maji katikati na nchi kavu pembezoni. Mwaka 1164 alikufa Somerled, mbabe wa visiwa hivi mwenye asili ya Kigaeli na ya Kinorwe, na uzao wake ukagawana pwani. Tawi moja, la MacDonald, likawapita wengine, na kufikia mwaka 1336 John wa Islay alikuwa anajiita kwa Kilatini dominus insularum, Bwana wa Visiwa. Kiti chao kilikuwa Finlaggan, kwenye kisiwa kidogo ndani ya ziwa huko Islay. Lugha yao ilikuwa Kigaeli, ile ile ya Ireland wakati huo, na washairi, matabibu, waamuzi na mafundi walikwenda na kurudi ng'ambo kama watu wa nyumba moja. Mfalme wa Uskoti alikuwa mbali, anaongea lugha nyingine, na mara nyingi hakupendwa.

Ndani ya mazingira hayo, kuanzia karne ya 14 hadi katikati ya karne ya 16, mamia ya mabamba na misalaba yalichongwa. Watafiti wameyagawa kwa karakana zake: Iona, Kintyre, Loch Sween, kisiwa cha Oronsay, na kundi la Loch Awe ambalo kazi yake ni nzito kidogo na haina mkono mwepesi wa wenzake. Kugawa huku si ubabaishaji. Fundi wa Iona anapenda shina la mmea linalopinda kwa namna fulani. Wa Oronsay, aliyekuja mwishoni, anajaza jiwe mpaka pembeni kama anaogopa nafasi tupu. Ukishayaona mawe 50 utaanza kuyatambua mwenyewe, kama vile mtu aliyekulia Zanzibar anavyoweza kukwambia mlango huu ni wa fundi wa wapi kabla hajasoma kitu.

Karakana ya Loch Sween ilikuwa mlangoni kabisa pa Kilmory, na sababu iko chini ya miguu. Mwamba wa kandokando ya hori hii ni wa tabaka tabaka, wa rangi ya kijani kibichi iliyofifia, laini kiasi cha kupokea patasi na imara kiasi cha kushika mstari mwembamba. Unapasuka kwa mabamba marefu karibu wenyewe. Ukiweka kiganja juu yake unahisi kama sabuni iliyokauka. Jiwe likipasuliwa lilikuwa linapakiwa chomboni na kupelekwa popote penye maji, na hapo penye maji ni kila mahali. Ndiyo maana "kanisa la mafichoni" lina kazi ya mafundi wa hali ya juu. Hawakuwa wanakijiji wakijifurahisha. Walikuwa na soko.

Mtindo wenyewe ni wa mikanda inayosukana, chini, juu, chini, juu, bila kukosea njia hata mara moja. Mjomba aliufuata mmoja kwa kidole, bila kugusa, akasema: "Ukili huu." Sijapata neno bora. Ni ukili kweli, kama ule wa mkeka, isipokuwa umesukwa kwenye jiwe na mtu ambaye hakuruhusiwa kufumua.

Sasa alama. Upanga ndio unaoonekana zaidi, mrefu, umesimama katikati ya jiwe kama uti wa mgongo, nakshi zikiwa zimeuzunguka pande zote. Watu huuona wakasema: shujaa, alikufa vitani. La. Upanga unasema cheo. Huyu alikuwa mtu wa familia yenye ardhi, mwenye haki ya kubeba silaha na wajibu wa kuibeba bwana wake akiita. Angeweza kufa kwa homa kitandani akiwa na wajukuu. Vivyo hivyo wale wanaume waliochongwa wamesimama mzima mzima. Wamevaa kofia ya chuma yenye ncha, shingo na mabega yamefunikwa kwa vipete vya chuma vilivyounganishwa, na chini yake vazi zito la kushonwa kwa mistari ya wima, limejazwa kama godoro, linafika magotini. Wenye vazi kama hilo ndio walioajiriwa kwa karne nyingi na watawala wa Ireland kama askari wa kukodiwa. Lakini mafundi waliendelea kulichonga vazi lile lile kizazi baada ya kizazi, kwa hiyo si picha ya fulani. Hakuna sura. Nyuso zao zinafanana kwa sababu hakuna aliyejaribu kuzitofautisha.

Mkasi nao una mtego. Ni mkasi wa zamani wa kipande kimoja, aina ya kukatia manyoya ya kondoo, na mtu atasema haraka kwamba huyu alikuwa mshonaji. Katika mawe haya mara nyingi zaidi unaashiria mwanamke, hasa ukikaa pamoja na kitana, kioo au kijisanduku. Kalisi ni ya padri, hapo hakuna ubishi. Nyundo, koleo na fuawe ni za mhunzi, na mhunzi katika jamii ile hakuwa mtu wa chini.

Kisha chombo. Sikukiona Kilmory siku ile. Tulikiona Iona siku mbili baadaye, kwenye msalaba wa Lachlan MacKinnon wa mwaka 1489, ambao chini yake kimechongwa chombo cha makasia. Kwa Kigaeli chaitwa birlinn. Mjomba alikaa mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote Uskoti, ukiondoa chakula. Omo na tezi zote zimeinuka juu kama za mashua za Waviking, na huko ndiko ukoo wake ulikotoka. Lakini Waviking waliendesha kwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni kulia, na birlinn za mawe haya zina usukani uliotundikwa tezini, kama jahazi. Mlingoti mmoja, tanga moja la mraba, na matundu ya makasia. "Huyu ana maji ya kina mbele yake," alisema mjomba, "na hakuna upepo wa kutegemea." Ardhi za visiwa zilitolewa kwa sharti la vyombo: ukipewa eneo hili, ukiitwa unaleta chombo cha makasia mangapi. Kwa hiyo chombo juu ya kaburi kinaweza kuwa nembo ya ukoo, kinaweza kuwa kazi ya marehemu, kinaweza kuwa deni lake kwa bwana. Mara nyingi ni vyote kwa pamoja, na anayekwambia ni kimoja tu anakurahisishia.

Lazima niseme kuhusu Templa, kwa sababu ukitafuta Kilmory au Kilmartin kwenye mtandao utakutana nao kabla hujakutana na ukweli. Hadithi yenyewe inapendeza: mashujaa wa Hekalu, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, walikamatwa Ufaransa mwaka 1307, wengine wakatoroka na meli na hazina, wakaja kujificha pwani hii, na mabamba haya yenye upanga bila jina ndiyo makaburi yao. Niliiamini kwa miezi kadhaa. Niliwahi hata kuwasimulia watu kwenye harusi.

Haisimami. Papa aliivunja jumuiya hiyo mwaka 1312, na mawe mengi tunayoyazungumzia yalichongwa miongo mingi baadaye, mengine zaidi ya miaka 200 baadaye. Nakshi zake ni za mafundi wa Kigaeli, za karakana tunazozijua, za mwamba wa hapo hapo. Upanga usio na jina, ambao ndio "ushahidi" wao wote, ni desturi ya kawaida ya pwani nzima, na umewekwa pia juu ya watu ambao majina na koo zao tunazijua vizuri. Kinachoniudhi si kosa lenyewe. Ni kwamba hadithi hiyo inawafuta wenyeji. Inasema kazi nzuri namna hii haiwezi kuwa yao, lazima kuna wageni waliofika na meli. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tumeambiwa hivyo kuhusu magofu yetu kwa muda mrefu mno, tukaambiwa kila ukuta mzuri ni wa mgeni, ndiyo maana sikio langu limekuwa jepesi kulisikia jambo hilo hata linaposemwa juu ya Wagaeli.

Sasa niyarudie majina. Si kweli kwamba hakuna kabisa. Ndani ya kanisa la Kilmory umesimama msalaba mrefu, ambao zamani ulikuwa nje na baadaye ukaingizwa ndani, na wenyewe unasema waziwazi kwa Kilatini: Hec est crux Alexandri Macmulen, huu ni msalaba wa Alexander MacMillan. Ni wa mwishoni mwa karne ya 15. MacMillan alikuwa mtu mkubwa wa Knapdale, aliyeshika Castle Sween, na mnara mmoja wa ngome ile bado unaitwa kwa jina la ukoo wake. Upande mmoja wa msalaba Kristo amesulubiwa, pembeni Mariamu na Yohana, na chini yao upanga. Ukizunguka upande wa pili unakuta windo. Mbwa wamemrukia kulungu dume, mmoja yuko juu yake kabisa, na nyuma yao mtu amesimama na shoka. Fundi amejitahidi kwa wale mbwa. Migongo imepinda, midomo imefunguka, na mkia wa mmojawapo umeingia ndani ya usukaji wa juu kana kwamba nakshi na mnyama ni uzi mmoja. Kwa nini windo kwenye msalaba? Wapo wanaotafuta fumbo la nafsi inayowindwa na dhambi. Mimi naona mtu aliyependa kuwinda, na aliyekuwa na haki ya kuwinda, jambo ambalo wakati huo lilikuwa cheo sawa na upanga.

Na wako wengine. Iona kuna bamba la Anna MacLean, mama mkuu wa watawa wa kike, aliyefariki mwaka 1543. Kilatini kinamtaja yeye, kinataja baba yake Donald na baba ya Donald, kinataja mwaka, kisha kinaiweka roho yake mikononi mwa Aliye Juu. Amechongwa na kanzu yake ya kitawa, mbwa wawili wadogo wakimng'ang'ania pembeni, na juu ya kichwa chake kuna kitana na kioo. Mbwa wa kuchezea, kitana na kioo, kwa mtawa! Ama hawakuona ubaya wowote, ama mwanamke wa ukoo mkubwa aliendelea kuwa mwanamke wa ukoo mkubwa hata ndani ya nyumba ya watawa. Fundi wa msalaba mkubwa wa Oronsay naye aliacha jina lake, Mael-Sechlainn Ó Cuinn.

Kwa hiyo kuandika walijua, na waliotaka waliandika. Kwa nini wengi hawakuandikiwa? Sababu moja ni lugha. Maandishi ya jiwe yalikuwa Kilatini, watu wakiongea Kigaeli. Ya nini kulipia mistari ambayo jirani zako hawataisoma? Sababu nyingine ni karakana: jiwe lenye upanga na majani lingeweza kuchongwa kabla mnunuzi hajafa, hata kabla hajajulikana. Lakini kubwa zaidi, nadhani, ni kwamba jina halikuhitaji jiwe. Watu walikaa mahali pamoja kizazi hadi kizazi, na nasaba zilihifadhiwa kichwani na watu ambao hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Kila aliyeingia kanisani alijua hili ni la nani. Kilichotakiwa kutoka kwa jiwe ni kumkumbusha anayepita aiombee roho ya marehemu, maana waliamini sala za walio hai zinampunguzia adhabu, na kumwonyesha kwamba familia hii si ya mchezo.

Kwetu nako ndivyo. Makaburi ya mnara ya pwani, ya Malindi, ya Kaole, ya Kunduchi, yana ufundi, yana nakshi, baadhi yalipachikwa bakuli za Kichina, na mengi hayana jina la mtu. Gede kuna kaburi moja lenye mwaka, 802 wa Hijria, sawa na 1399, na limekuwa maarufu kwa sababu hiyo tu, kwamba lina mwaka. Mwaka ule ule mafundi wa pwani ya Uskoti walikuwa kazini. Hawakujuana, na sitaki kuwaunganisha kwa nguvu. Nasema tu kwamba mtu aliyesimama mbele ya mnara wa Kunduchi ana mazoezi mazuri ya kusimama Kilmory.

Kazi hii ilikufaje? Pole pole, kwa pigo la siasa. Mwaka 1462 Bwana wa Visiwa alifunga mkataba wa siri na mfalme wa Uingereza wa kugawana Uskoti. Siri ilipofichuka, alinyang'anywa maeneo, na Knapdale yenyewe ilimtoka mwaka 1476. Mwaka 1493 cheo chote kikafutwa. Wafadhili wa sanaa wakatawanyika, karakana zikaendelea kwa uzoefu kwa muda, Oronsay ikifanya kazi nzuri hadi ndani ya karne ya 16, kisha Mageuzi yakaondoa sababu iliyobaki. Hakuna tena sala kwa ajili ya wafu, hakuna tena haja ya jiwe la kuomba sala.

Ukienda, mambo mawili. Usikanyage wala usisugue jiwe kwa chaki au karatasi ili "lionekane". Ule mwamba laini uliompa fundi raha ndio unaokuadhibu wewe. Na chukua tochi, hata mchana wa jua. Paa la kioo linamwaga mwanga kutoka juu, sawasawa, na mwanga wa namna hiyo huua michongo. Tochi iweke pembeni kabisa, iguse ukuta, mwanga upite juu ya jiwe kama maji. Kila mtaro uliobaki, hata wa upana wa ukucha, utapata kivuli chake.

Tulijaribu hivyo mchana wa siku ile ile huko Keills, kanisa lingine la paa la kioo lililo ng'ambo ya hori. Kwa chombo ni kuvuka tu. Kwa gari tulitumia zaidi ya saa nzima kuzunguka, mjomba akinung'unika njia yote juu ya watu wenye bahari wanaotumia barabara. Ndani kuna mawe karibu 40. Nilimwambia atafute kinubi, kwa sababu nilijua kipo: kinubi cha Kigaeli, clàrsach, chenye umbo kama la kile cha karne ya 15 kilichohifadhiwa katika makumbusho ya taifa Edinburgh. Alipita mara mbili asikione. Kwa macho ya kawaida lile ni jiwe la kijivu lenye upanga na mikwaruzo.

Nikampa tochi. Akaiegemeza ukutani, akaishusha, akaipandisha kidogo. Kwanza ulitokea mkunjo wa shingo ya kinubi, kisha mbao yake ya chini, kisha kitu ambacho huenda ni nyuzi.

"Mpiga ngoma wao," alisema.

Akazima tochi, kinubi kikapotea. Akaiwasha tena.